Siri ya Mtungi: Uhakiki wa Methali Tatu za Maji Mbele ya Mita ya Lupango

1. Utangulizi

Methali zinazohusu maji ni miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema kabisa. Huzikariri, huandika maana yake daftarini, hujibu mtihani, kisha huzisahau. Sababu mojawapo ya kusahaulika huko ni kwamba ufafanuzi wa vitabuni huyamwaga maji yaliyomo ndani ya methali na kubakiza funzo tupu. Mtungi huwa si mtungi tena bali ni "jambo la ndani", na kata huwa ni "mtu wa karibu". Ufafanuzi wa namna hiyo una faida yake darasani, lakini huacha kando swali la msingi: kwa nini wahenga walichagua maji walipotaka kusema juu ya siri, juu ya kipimo, na juu ya jambo lisiloweza kurudishwa?

Makala haya yanakusudia kuyarudisha maji ndani ya methali tatu, yaani: "Siri ya mtungi muulize kata", "Maji ya kifuu bahari ya chungu", na "Maji yakimwagika hayazoleki". Methali hizo zinasomwa hapa mbele ya suala linaloigusa kila nyumba ya Lubumbashi: matumizi ya maji wakati wa ukame, bei yake, na haki ya watu wa nyumba kutochunguliwa. Hoja inayotetewa ni kwamba bei ya haki haiwezi kupangwa bila kujua ni watu wangapi wanaotegemea bomba moja. Hata hivyo, kujua huko kuna mipaka, na methali zenyewe, zikisomwa kwa makini, ndizo zinazoionyesha mipaka hiyo.

2. Mji, kiangazi na lupango

Lubumbashi ni mji wa majira mawili. Mvua hunyesha kuanzia mwezi wa Novemba hadi Machi au Aprili; miezi inayobaki ni kiangazi. Joto huwa kali zaidi mwezi wa Oktoba, na hapo ndipo maji ya visima vifupi vya uani yanapokuwa yameshuka. Kwa hiyo mji huu huuonja ukame mdogo kila mwaka, hata pale ambapo mvua haikukosekana. Ukame mkubwa nao hauko mbali. Katika msimu wa 2023 na 2024, uliokuwa chini ya athari za El Niño, Zambia, nchi ambayo mpaka wake uko Kasumbalesa, safari ya saa chache tu kutoka mjini, ilitangaza janga la kitaifa tarehe 29 Februari 2024. Malawi na Zimbabwe zilifuata mwezi wa Machi na wa Aprili mwaka huohuo.

Katika mji kama huu maji hayaingii katika "nyumba" kwa maana ya kamusi. Huingia katika lupango. Neno hili, ambalo mkazi wa Katuba, Kenya au Kamalondo hahitaji kuelezwa, linataja kiwanja kilichozungushiwa ukuta au ua, na pamoja nacho watu wote wanaoishi humo: mwenye lupango, ndugu zake, na mara nyingi wapangaji wa vyumba vya nyuma. Bomba huwa moja, mita moja, na hati ya malipo moja. Kiswahili sanifu kina neno "kaya", lakini kaya ni watu wa chungu kimoja cha ugali. Lupango moja laweza kuwa na kaya tatu au nne zenye vyungu mbalimbali na bomba moja. Tofauti hii ya maneno si jambo dogo la kimsamiati. Kama itakavyoonekana, anayepanga bei kwa kudhani kwamba mita moja ni kaya moja amekwisha kukosea hesabu kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza.

3. "Siri ya mtungi muulize kata"

Ufafanuzi uliozoeleka wa methali hii ni kwamba mambo ya ndani hujulikana na wale walio karibu. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Kata ni chombo cha kutekea maji kilichotengenezwa kwa kifuu cha nazi na kutiwa mpini. Huingia mtungini kwa kazi moja tu: kumtolea maji mwenye kiu. Kinachojua, kinakijua kwa sababu ya utumishi wake. Kata haiingii mtungini ili kupima, wala haitoki nje kwenda kutangaza kwamba mtungi wa fulani umebaki nusu. Kwa hiyo methali haisemi tu nani anajua siri. Inadokeza pia kwa haki gani anaijua. Ujuzi wa kata ni wa halali kwa kuwa unarudi ndani ya nyumba ukiwa maji.

Hapa yafaa kutofautisha maneno mawili yanayochanganywa mara kwa mara: siri na faragha. Siri ni jambo lililofichwa. Likijulikana, si siri tena. Faragha ni hali ya mtu kuachiwa nafasi yake, hata kama wengine wanajua yaliyomo. Katika lupango matumizi ya maji si siri kamwe. Kila mmoja anaona nani amejaza bidoni mbili alfajiri na nani amejaza sita. Lakini jirani huona pamoja na sababu: anajua kwamba kwa fulani kuna mtoto mchanga, kwamba kwa fulani kuna mgonjwa wa kuoshwa mara kwa mara, kwamba wiki iliyopita palikuwa na kilio na waombolezaji walilala uani. Ujuzi wa jirani ni ujuzi wenye masimulizi. Tarakimu ya mita ni ujuzi usio na masimulizi. Anayedai kwamba jambo wanalolijua majirani kumi halina tena faragha, kwa hiyo laweza kuandikwa na kutangazwa, anachanganya maneno hayo mawili, na katika mchanganyiko huo nyumba ya maskini ndiyo inayoumia, kwa sababu maskini ndiye ambaye maji yake hupita machoni pa watu. Mwenye kisima kirefu chenye pampu nyuma ya ukuta mrefu huchota bila kuonekana na yeyote.

Sheria nayo haiko kimya. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inatamka katika kifungu cha 29 kwamba makazi ya mtu hayaingiliwi ila kwa namna iliyowekwa na sheria. Kifungu cha 31 kinalinda maisha binafsi. Na kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya kupata maji safi ya kunywa. Vifungu hivi vitatu vinapaswa kusomwa pamoja. Haki ya maji haikuandikwa ili iwe mlango wa kuingilia nyumba, wala haki ya faragha haikuandikwa ili mwenye maji mengi ajifiche nyuma yake.

4. "Maji ya kifuu bahari ya chungu"

Chungu katika methali hii ni mdudu, wala si chombo cha kupikia. Upatanisho wa sarufi huwatenganisha wawili hao, kwa maana chombo huwa vyungu katika wingi na mdudu hubaki chungu. Ufafanuzi wa kawaida ni kwamba kitu kidogo kwa mkubwa ni kikubwa kwa mdogo. Mhakiki akilirudisha swali la maji, methali hii huonekana kuwa kanuni nzima ya kipimo: ujazo wa maji hauna maana mpaka ijulikane ni nani anayekunywa na ni wangapi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ya miaka ya karibuni unatoka Cape Town, Afrika ya Kusini. Baada ya miaka mitatu ya mvua haba, mji huo ulikaribia siku ambayo mabomba ya nyumbani yangefungwa. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mkazi alitakiwa asizidishe lita 50 kwa siku. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa lita 87. Mwezi wa Januari mwaka huo utawala wa mji ulitoa ramani iliyoonyesha nyumba moja moja. Nyumba iliyotumia lita zisizozidi 6,000 kwa mwezi ilipewa nukta ya kijani iliyokolea. Iliyotumia kati ya lita 6,000 na 10,500 ilipewa kijani hafifu. Iliyozidi hapo haikupewa kijani.

Ni vyema tarakimu hizi zihakikiwe kama mhakiki ahakikivyo mizani ya shairi. Lita 50 kwa watu 4 kwa siku 30 ni lita 6,000 kamili. Lita 87 kwa watu 4 kwa siku 30 ni lita 10,440, karibu sana na 10,500. Ni dhahiri, basi, kwamba ndani ya ramani mlikuwa na nyumba ya kufikirika yenye watu wanne. Sasa ichukuliwe lupango ya watu 15 ambao kila mmoja anatumia lita 20 kwa siku, yaani bidoni moja, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa cha mahitaji ya chini kabisa. Jumla yao ni lita 9,000 kwa mwezi. Ichukuliwe pia nyumba ya mume na mke wanaotumia lita 95 kila mmoja. Jumla yao ni lita 5,700. Kwa ramani ya namna ile, wawili wanaotumia karibu mara tano ya jirani yao wangepata kijani kilichokolea, na wale 15 wanaojinyima wangepata kijani hafifu. Maji ya kifuu yamepimwa, lakini chungu hawakuhesabiwa.

Kosa hilohilo limo katika bei inayopanda kwa ngazi, ambayo hutumika katika miji mingi: lita za kwanza kwa bei nafuu, zinazofuata kwa bei ya juu zaidi. Nia yake ni njema, yaani mnyonge alipe kidogo na mfujaji alipe zaidi. Lakini kaya nne zikichangia mita moja, jumla yao hupanda ngazi upesi, na kila kaya hulipa bei ya mfujaji bila kufuja chochote. Mwaka 1992 mchumi Dale Whittington alikwisha kuonyesha kasoro hii, akitumia mfano wa Kumasi nchini Ghana, ambako familia nyingi huishi katika ua mmoja. Aidha, anayekosa bomba kabisa hununua kwa bidoni. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilieleza kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda ya Jakarta, Manila na Nairobi walilipa kwa kila kipimo cha maji mara 5 hadi 10 ya bei waliyolipa wakazi wa mitaa ya matajiri ya miji hiyohiyo. Ukame huongeza pengo hili, kwa kuwa foleni hurefuka na bidoni hupanda bei, huku bei ya aliye na bomba ikibaki palepale.

Tiba inaonekana kuwa rahisi: wahesabiwe watu. Lakini Lubumbashi ina kumbukumbu yake juu ya kuhesabiwa. Katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, na baadaye za Gécamines, mposho uligawiwa kwa kadiri ya mke na watoto waliosajiliwa. Ulikuwa mgao unaolingana na vichwa, na kwa upande huo ulikuwa na haki fulani. Hata hivyo, aliyehesabu vichwa ndiye pia aliyeamua nani anaruhusiwa kulala kambini, mgeni akae siku ngapi, na mke yupi atambuliwe. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameyachunguza mamlaka hayo ya kampuni ndani ya familia ya mfanyakazi katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya "Bana Shaba". Historia hiyo inatosha kueleza kwa nini mtu anapobisha hodi na karatasi akiuliza "mko wangapi humu?", mama wa lupango hujibu kwanza kwa swali: "Unauliza ya nini, baba?" Swali la mama huyo si ukaidi. Anataka kujua kama aliyesimama mlangoni ni kata au ni mkubwa wa kambi.

5. "Maji yakimwagika hayazoleki"

Methali ya tatu hutumiwa kwa kawaida juu ya majuto: jambo likishatendeka halirudi nyuma. Wakati wa ukame maana yake ya kwanza, ile ya maji yenyewe, inazinduka, kwa kuwa kila tone lililomwagika ni hasara ya kweli. Lakini methali inafaa pia kwa habari za nyumba. Tarakimu ya matumizi ya familia ikishachapishwa, haizoleki. Hata karatasi ikibanduliwa ukutani au ramani ikiondolewa, walioiona wameiona, na walioinakili wameinakili.

Watetezi wa ramani ya Cape Town walikuwa na hoja mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba ramani ilisifu tu. Haikumtaja mfujaji, ila ilimpongeza mwekevu. Mhakiki wa lugha ataona udhaifu wa hoja hii bila shida, kwa sababu kimya nacho husema. Mtaa mzima ukiwa na nukta za kijani isipokuwa nyumba moja, nyumba hiyo imetajwa kwa kutotajwa. Na nyumba hiyo yaweza kuwa ya mfujaji. Yaweza pia kuwa ya watu 12, au ya mgonjwa, au yenye bomba linalovuja chini ya ardhi bila mwenyewe kujua. Hoja ya pili ni kwamba hatua zilifanikiwa: matumizi ya mji yalishuka hadi takriban nusu ikilinganishwa na kabla ya ukame, na mabomba hayakufungwa. Hilo ni kweli na ni jambo la kusifiwa. Lakini yalifanyika mengi kwa wakati mmoja: bei ilipandishwa, msukumo wa maji ulipunguzwa, bustani zilikatazwa kumwagiliwa, na watu wenyewe waliogopa. Haifai kuipa ramani peke yake sifa ya kazi iliyofanywa na mambo mengi.

Lipo jambo jingine ambalo ramani ya mita haiwezi kulionyesha hata kidogo. Mwenye kisima chake kirefu hutumia maji machache ya mtandao, hivyo huonekana mwekevu, ilhali anachota chini ya ardhi ileile wanayochota wenzake wenye visima vifupi. Katika kifungu cha 9 cha Katiba, Dola ina mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, yaliyo chini yake, maji na misitu. Maji ya kisima kirefu, kwa hiyo, si ya ukuta unaoyazunguka. Iwapo kuna matumizi yanayopaswa kutangazwa hadharani wakati wa ukame, ni ya viwanda, ya hoteli, ya ofisi na ya wachimbaji wa visima vya biashara. Hao hawana chumba cha kulala cha kuhifadhiwa machoni pa watu. Mpangilio wa kutangaza matumizi ya familia na kunyamazia ya wakubwa ni kugeuza methali juu chini: kuchungua mtungi na kuifumbia macho bahari.

6. Hitimisho

Usomaji wa methali hizi tatu unatoa masharti matatu ya bei ya maji iliyo ya haki. Kwanza, anayejua ajue kwa ajili ya kutumikia. Msoma mita asimame kwenye mita. Asiingie nyumba wala asiulize majina, dini, mahali mtu alikotoka au nani ni mke wa nani. Pili, kipimo kihesabu watu. Swali moja tu linatosha: ni wangapi wanaotumia bomba hili? Jibu litolewe na wenye lupango wenyewe, na ngazi za bei zirefushwe kwa kadiri ya jibu hilo. Cape Town yenyewe iliruhusu nyumba yenye zaidi ya watu wanne iombe kuongezewa kiwango. Kasoro ni kwamba mzigo wa kuomba uliwekwa juu ya walio wengi ndani ya nyumba, ambao mara nyingi ndio walio wachache wa nafasi na wa maandishi. Tatu, kilichojulikana kisimwagwe. Tarakimu ya familia ibaki kati ya anayelipa na anayelipwa, na kinachotangazwa kiwe jumla ya mtaa. Sheria ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya kidijitali, ambayo imeweka nchini Kongo kanuni za ulinzi wa habari za mtu binafsi, inatoa msingi wa kudai sharti hili.

Itapingwa kwamba watu watadanganya, kwamba lupango ya watu wanane itajiandika 15. Baadhi watadanganya. Lakini hasara ya uongo huo ni lita kadhaa zilizouzwa kwa bei nafuu, nayo majirani, wanaojua idadi bila kuandikiwa, huipunguza kwa aibu ya kawaida ya mtaa. Hasara ya njia nyingine ni kubwa zaidi: watu 15 kulipishwa kama wafujaji kila mwezi, au mlango kufunguliwa kwa mkaguzi ambaye hakuna ajuaye atakachouliza kesho.

Linabaki jukumu la wanaisimu na wahakiki. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba, lakini hati ya malipo ya maji inamfikia mama wa lupango kwa Kifaransa, ikiwa na istilahi ambazo hata mwenye diploma husita mbele yake. Mtu hawezi kubishana na bei asiyoweza kuisoma. Kuzipatia ngazi za bei majina ya Kiswahili yanayoeleweka, kulipa neno "lupango" nafasi yake katika istilahi za huduma za umma, na kukusanya semi za maji zinazotumika leo katika mitaa ya Lubumbashi, ambako hakuna minazi na kata hujulikana kwa jina tu, ni kazi zinazowangojea wanafunzi wa idara. Kazi hizo zianzie uani, kwenye bomba, saa za alfajiri, kwa ruhusa ya wenye bidoni.